Vyuo na makampuni: ushirikiano au usanii?

Wiki iliyopita mhariri wangu alinituma kwenye hoteli moja kubwa ya hapa Dar kuandika habari ya kutiwa saini hati ya makubaliano. Upande mmoja wa meza alikaa mkuu wa chuo kikuu fulani, upande wa pili mkurugenzi wa kampuni fulani. Sitawataja, kwa sababu sina ugomvi nao binafsi, na pia bado naupenda mshahara wangu ingawa wenyewe haunipendi sana. Nyuma yao kulikuwa na bango lenye maneno ambayo mimi na wewe tumeshayasoma mara mia: ushirikiano, ubunifu, vijana, maendeleo endelevu.

Wakatia saini. Wakabadilishana mafaili. Wakapeana mikono huku wakitazama kamera badala ya kutazamana. Tukapiga picha ya pamoja. Ulipofika wakati wa maswali nikanyoosha mkono na kuuliza swali moja tu: "Mwanafunzi akigundua kitu kupitia ushirikiano huu, kitu hicho kitakuwa mali ya nani?"

Mkurugenzi akamtazama mkuu wa chuo. Mkuu wa chuo akamtazama mwanasheria. Mwanasheria akaanza kufungua kurasa za hati kama mtu anayetafuta namba ya simu aliyoisahau. Mwishowe msemaji wa kampuni akachukua kipaza sauti, akatabasamu, akasema: "Kaka, hayo ni mambo ya utekelezaji, yatakuja baadaye. Chakula kipo tayari."

Chakula kilikuwa tayari kweli, na mimi nilikula, sitaki kujifanya mtakatifu. Habari nikaandika, ikatoka ukurasa wa biashara na picha ya watu wanaopeana mikono. Swali langu halikutoka. Ndiyo maana leo naliandika hapa, mahali ambapo hakuna mhariri wala meneja matangazo.

Swali lile sikulitoa hewani. Lilitokana na rafiki yangu mmoja.

Kama umeishi hosteli za chuo unajua maana ya kubebana. Chumba cha watu wawili mnalala wanne. Mmoja wa wale niliobebana nao alikuwa anasoma uhandisi. Likizo moja alikwenda kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni ya simu. Wiki za mwanzo kazi yake ilikuwa kutoa fotokopi na kufuata chapati za mabosi. Baadaye mafundi wakamwonea huruma, wakawa wanampakia kwenye gari kwenda mikoani kukagua minara. Huko akaona kitu kimoja kinajirudia. Jenereta la mnara linajazwa dizeli Jumatatu, Alhamisi tangi limekauka. Kila mtu anajua dizeli inakokwenda, lakini hakuna anayejua ni nani anayeipeleka.

Jamaa akarudi chuoni na wazo. Kwa mradi wake wa mwaka wa mwisho akatengeneza kijisanduku chenye kipimo ndani ya tangi na simu ya zamani iliyofunguliwa matumbo. Dizeli ikishuka ghafla wakati jenereta limezimwa, kijisanduku kinatuma ujumbe mfupi kwa msimamizi. Vifaa alinunua Kariakoo kwa fedha ya bumu, na kwa muda wa mwezi mzima alikuwa anakula mlo mmoja kwa siku. Mimi nilimkopesha shilingi elfu ishirini ambazo hajanilipa mpaka leo. Kijisanduku kikafanya kazi. Niliona kwa macho yangu. Tuliiba dizeli yetu wenyewe kwenye ndoo, simu ikalia.

Mwaka huohuo kampuni moja ikatangaza shindano la ubunifu kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Rafiki yangu akaingia. Akatakiwa kupeleka michoro, maelezo na kijisanduku chenyewe. Akashika nafasi ya tatu. Akapewa cheti, fulana, modemu na picha ya pamoja. Mwandishi aliyeandika habari ile ni mimi. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kazi, nalipwa kwa habari inayotoka, na ile ilikuwa moja ya habari zangu za mwanzo kutoka na jina langu. Mama yake kule Singida alikata kipande cha gazeti akakibandika ukutani.

Mwaka mmoja na nusu baadaye nikaenda kwenye mkutano na waandishi wa kampuni hiyohiyo. Wakatutangazia kwa furaha kwamba wizi wa mafuta kwenye minara sasa utakuwa historia, kwa sababu wamefunga mfumo wa kisasa kutoka kwa mkandarasi wa nje. Mfumo unapima dizeli kwenye tangi na kutuma taarifa kwa simu. Nilimpigia rafiki yangu nikiwa bado ukumbini. Akakaa kimya, kisha akasema: "Mwanangu, acha tu. Fomu nilisaini."

Nikaitafuta ile fomu. Nyuma kabisa, kwa herufi za kuwapa watu miwani, iliandikwa kwamba mawazo yote yatakayowasilishwa yatakuwa mali ya mwandaaji.

Naomba nieleweke. Siwezi kuapa kwamba waliiba. Vipimo vya mafuta vya namna ile vipo duniani, na huenda mkandarasi wao alikuwa navyo kabla rafiki yangu hajazaliwa. Huenda watu wa masoko walioandaa shindano hawakuwahi hata kuongea na watu wa minara. Ila hakuna karatasi yoyote inayoweza kuthibitisha lolote kwa upande wowote. Karatasi pekee iliyopo ni ile inayosema kwamba kijana hana haki. Leo hii mhandisi huyo anauza bima. Anauza vizuri, simhurumii. Naihurumia nchi ambayo ilimsomesha kwa mkopo halafu ikamwachia fulana.

Sasa tuzungumze kuhusu hiki kitu kinachoitwa ushirikiano wa vyuo na makampuni. Kwa miaka michache niliyofanya kazi hii nimeona aina tatu.

Aina ya kwanza ni msaada. Kampuni inaleta kompyuta 20, maabara inapakwa rangi za kampuni, mkurugenzi anakata utepe. Hii ni sadaka iliyochanganywa na tangazo. Sina ubaya na sadaka, ila tusiiite ubunifu. Aina ya pili ni mafunzo kwa vitendo, ambapo kijana aliyesoma hesabu ngumu kwa miaka mitatu anafundishwa kutoa karatasi iliyokwama kwenye mashine. Aina ya tatu ndiyo hiyo ya mashindano, na ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu fikra zinakwenda upande mmoja na mafulana yanarudi upande mwingine.

Katika aina zote tatu angalia kitu kimoja: kampuni haijawahi kuleta tatizo lake. Haijawahi kusema, "Jamani Profesa, kitu hiki kimetushinda, kinatugharimu kiasi hiki kwa mwaka, hizi hapa fedha za miaka mitatu, tutafutieni jibu, na likipatikana tutagawana hivi." Ukileta tatizo umeonyesha udhaifu, na ukileta fedha za miaka mitatu lazima ungoje. Kupaka maabara rangi ni kazi ya wiki mbili, na picha inatoka kesho yake.

Wenzetu walioendelea hawakufika hapo kwa kupendana. Walifika kwa kugombana na kuandikiana. Mwaka 1965 daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Florida, Robert Cade, alitengeneza na wenzake kinywaji cha kuwasaidia wachezaji wa timu ya chuo waliokuwa wanakauka kwa jua. Kinywaji hicho ni Gatorade. Kilipoanza kuuzwa na kuingiza fedha, chuo kikadai sehemu yake, wakapelekana mahakamani, na mwishowe wakakubaliana chuo kipate asilimia 20 ya mrabaha. Mpaka leo chuo kinavuna jasho la wale wachezaji. Somo la pale ni kwamba waligombana mapema, wakaandikiana, wakaendelea na kazi.

Mwaka 1980 Marekani ikatunga sheria iitwayo Bayh-Dole, iliyoviruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliofanyika kwa fedha za serikali na kuuza leseni kwa makampuni. Wanafunzi wawili wa Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walipobuni njia ya kupanga kurasa za mtandao ambayo ndiyo moyo wa Google, hataza yake ilikuwa mali ya chuo. Chuo kikawapa leseni, nacho kikapewa hisa milioni 1.8. Mwaka 2005 kilikuwa kimeziuza kwa dola milioni 336. Wanafunzi walipata kampuni, chuo kilipata fedha za kusomesha wengine, na hakuna aliyepewa modemu.

Na usidhani chuo lazima kiwe mnyonge mbele ya kampuni. Aprili 2020, wakati dunia nzima imejifungia ndani, Chuo Kikuu cha Oxford kiliingia mkataba na kampuni ya dawa ya AstraZeneca kuhusu chanjo ya korona. Katika makubaliano hayo chanjo iliuzwa bila faida wakati wa janga. Kulikuwa na sharti na kulikuwa na mtu wa kulisimamia. Nikikumbuka yule mwanasheria aliyekuwa anafungua kurasa kule hotelini, najua mbona sisi hatuko huko.

Sasa nije nyumbani, au tuseme kwa jirani.

Kuna maziwa ya magadi katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Maji yake yanaunguza macho na wengi wanayajua kwa sababu ya ndege aina ya heroe. Ndani ya maji na matope yale wanaishi bakteria waliozoea maisha magumu. Miaka ya mwanzo ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli huko. Kutokana na sampuli za namna hiyo kampuni ya Genencor ya Marekani ilipata vimeng'enya vya kutumika kwenye sabuni za unga na kwenye kuchujusha jinzi, ile mikato ya jinzi inayoonekana imechakaa kabla ya kuvaliwa. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likajitokeza hadharani kudai sehemu ya mapato. Kampuni ikasema haijavunja sheria. Mwaka 2007 shirika hilo likaingia mkataba na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, safari hii masharti yakiwa yameandikwa kabla.

Tafakari mzunguko huo. Tope limetoka Afrika Mashariki. Chuo kilichonufaika ni cha Uingereza. Kampuni ni ya Marekani. Jinzi zimevaliwa huko zikachokwa, zikafungwa kwenye marobota, zikashushwa bandarini, na Jumamosi asubuhi mimi na wewe tunazigombania pale Karume. Sisi tumetoa bakteria bure na tumenunua suruali kuukuu. Na vyuo vyetu, vilivyo saa chache kwa basi kutoka kwenye maziwa hayo, vilikuwa wapi? Vilikuwa vinatia saini hati za makubaliano.

Utaniambia Afrika hatuna utamaduni wa viwanda kugharamia utafiti. Nani kakwambia? Nenda Mlingano, Muheza, mkoani Tanga. Zamani za ukoloni chama cha wakulima wakubwa wa mkonge kiliendesha kituo cha utafiti pale. Wenye mashamba walikuwa na tatizo, wakaliweka mezani, wakatoa fedha na kungoja miaka mingi. Katika kazi hiyo ya Amani na Mlingano ikapatikana mbegu chotara ya mkonge inayojulikana kwa namba, 11648. Mbegu hiyo ya Tanga ndiyo iliyokuja kutawala mashamba ya mkonge ya China. Siwasifii walowezi, manamba waliokata mkonge ule wanajua walichofanyiwa. Nasema tu kwamba jambo hili limewahi kufanyika katika ardhi hii, kwa hiyo asije mtu akanieleza kwamba haliwezekani.

Na si la kale tu. Mwaka 2000 shirika la APOPO lenye asili ya Ubelgiji lilihamia Morogoro kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine katika kufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Watu walicheka. Panya? Leo panya hao wanatambua mabomu, na wengine wananusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Cambodia, mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. APOPO si kampuni, najua, lakini angalia walivyofanya. Walikuja na tatizo linaloeleweka, wakaweka kambi chuoni, wakakaa. Zaidi ya miaka 20 wapo palepale. Wangekuja kukata utepe na kuondoka, yule panya angekuwa kitoweo.

Arusha nako, pale Taasisi ya Nelson Mandela, Dakta Askwar Hilonga alitengeneza kichujio cha maji kwa teknolojia ya nano. Mwaka 2015 akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya London, pauni 25,000. Ili kichujio kiwafikie watu ilibidi mhadhiri huyo aanzishe kampuni yake mwenyewe. Nampongeza kwa moyo wote. Lakini ni wahadhiri wangapi wenye uwezo wa kuwa wanasayansi asubuhi na wafanyabiashara jioni? Nchi haiwezi kutegemea kwamba kila mvumbuzi atajaliwa vipaji viwili.

Najua kuna msomaji ameshaanza kuchemka. Ni rafiki yangu fulani anayefanya kazi kwenye moja ya makampuni haya, tumebishana naye mpaka usiku kwenye nyama choma ya Sinza. Hoja yake ni hii: "Sisi ni tawi tu, bwana. Utafiti unafanyika makao makuu huko Ulaya. Hapa tunauza." Ni hoja nzito na sehemu kubwa ni kweli. Lakini dizeli inayoibwa haiibwi makao makuu. Mahindi yanayooza ghalani yanaozea Songea na Sumbawanga. Makao makuu hayatakuja kutatua kitu ambacho hayakijui. Mtu anayekijua ni yule kijana wa mafunzo kwa vitendo uliyemtuma chapati.

Hoja yake ya pili ilinigusa zaidi. Alisema waliwahi kumpa mhadhiri kazi, akachukua fedha, baada ya miezi minane akaleta ripoti ya kurasa 140 ambayo hakuna aliyeielewa. Naamini. Vyuo vyetu navyo vina dhambi zake. Mhadhiri anapanda cheo kwa makala alizochapisha, si kwa mashine iliyofanya kazi kiwandani. Kwa hiyo anaandika makala. Miradi ya wanafunzi ya miaka na miaka imerundikwa makabatini, inaliwa na mchwa, na mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anafanya mradi uleule bila kujua kwamba kaka yake alishaufanya. Chuo ambacho hakijui kilichomo kwenye makabati yake kitafanyaje biashara na mtu?

Na serikali? Januari 2007 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa, ajenda ikiwa sayansi na teknolojia, wakahimizana kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Tanzania tuna COSTECH tangu mwaka 1986, tuna SIDO tangu mwaka 1973. Taasisi hatukukosa. Tulichokosa ni mtu wa kuwauliza hawa waheshimiwa, mwaka mmoja baada ya picha ya pamoja, kimetokea nini.

Mtu huyo, kwa masikitiko makubwa, anatakiwa kuwa mimi.

Sisi waandishi ndio tunaoufanya usanii huu uwezekane. Pasipo kamera pasingekuwa na sherehe. Tunaitwa, tunakula, tunapewa bahasha ya nauli ambayo nauli yake ingekufikisha Mwanza na kukurudisha, tunaandika "yaingia makubaliano ya kihistoria", tunasahau. Nimeipekua daftari yangu. Tangu nianze kazi nimeandika habari 11 za makubaliano kati ya vyuo na makampuni. Habari za kufuatilia nilizoandika ni sifuri. Hata ya rafiki yangu sikuiandika, nimeiandika leo.

Kwa hiyo nina mambo manne, machache tu. Kwanza, makubaliano yoyote kati ya kampuni na chuo cha umma yawekwe wazi, hasa kipengele cha nani anamiliki nini. Chuo ni cha walipa kodi, siri ya nini? Pili, fomu za mashindano zinazochukua mawazo ya wanafunzi bure zipigwe marufuku ndani ya vyuo, na chuo kisikubali kutoa ukumbi wake kabla mwanasheria wake hajaisoma fomu mpaka nyuma. Tatu, kampuni inayotaka kuitwa mshirika ilete tatizo na fedha, si rangi. Nne, sisi waandishi turudi.

Nimeanza na la nne kwa sababu ndilo lililo mikononi mwangu. Nimeandika kwenye daftari tarehe ya ile hafla ya wiki iliyopita, na tarehe ya siku kama hiyo mwaka kesho. Nitakwenda chuoni na hotelini sitakanyaga. Nitawauliza wanafunzi wameona nini. Jibu likiwa zuri nitaliandika kwa furaha na nitawaomba radhi wahusika mbele yenu. Likiwa baya nitaliandika pia, hata kama ni hapa tu.

Na wewe uliyeko chuoni na una kijisanduku chako chini ya kitanda: kabla hujapeleka mahali popote, andika tarehe, piga picha, mwonyeshe msimamizi wako aweke saini, nenda BRELA uulize kuhusu hataza. Halafu ukipewa fomu, igeuze. Soma nyuma kwanza.

Rafiki yangu nimemsomea makala hii kwenye simu kabla ya kuiweka hapa. Akacheka, akasema niondoe ile habari ya elfu ishirini. Nimekataa.